Siku Haidaiwi, Hudaiwa Mtu



Swali tunalolijadili leo lililetwa katika darasa yetu, baada ya sala ya Isha, na ndugu mmoja miongoni mwetu ambaye riziki yake i katika biashara ya mbuzi. Hupanda bara mara kwa mara, hupita Nyeri na Nanyuki, kisha huishia Doldol, mji mdogo ulio kaskazini ya Mlima Kenya, katika nchi ya Wamasai wa Mukogodo. Jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe ametutaka tulieleze jambo lake ili liwe funzo, wala si ili awe yeye mazungumzo ya baraza.

Mambo yalikuwa hivi. Alinunua mbuzi kumi na wawili kwa mzee mmoja wa Doldol, akalipa nusu ya thamani, na nusu ikabaki deni. Walipotaka kuagana siku ya kulipa, ndugu yetu akasema, "Mwisho wa Agosti." Mzee akakataa. Akamtaka ataje mwezi mwingine wowote, uwe kabla au uwe baada, kwani Agosti haikuwa na heri kwao: ndio mwezi ambao wazee wao walikubaliana na Wazungu juu ya ardhi, na makubaliano hayo hayakusimama. Ndugu yetu akacheka. Akamwambia kwamba siku zote ni za Mwenyezi Mungu, na kwamba mwezi hauvunji ahadi ya mtu. Mzee akanyamaza kwa kumstahi mgeni, akakubali.

Agosti ikafika. Mwaka huo iliangukia pamoja na mwezi wa Safar, ambao sisi watu wa pwani twauita Mfunguo Tano. Nyumbani kwa ndugu yetu wakamzuia. Wakamwambia kuwa safari haifunguliwi katika Safar, wala fedha nyingi hazitolewi nyumbani, mpaka ipite Jumatano ya mwisho. Naye, aliyemcheka mzee, akatii. Kuzituma fedha zile kwa simu kusingemchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, lakini hakuzituma. Agosti ikaisha na deni lipo pale pale. Alipompigia mzee simu kutaka radhi, mzee hakumlaumu wala hakupaza sauti. Alisema neno moja tu: "Nilikuambia."

Neno hilo ndilo lililotukalisha usiku ule mpaka taa za jirani zikazimwa. Tulijiuliza: Je, siku ina nguvu yake yenyewe? Mambo mawili makubwa yakiangukia siku moja, je, kuna siri baina yake? Na ikiwa hakuna siri, kwa nini sisi sote, wa pwani na wa bara, twaendelea kuzihesabu siku kama mtu ahesabuye wadeni wake?

Tuanze na yale yasiyokanika. Mambo hukutana katika siku moja, na kukutana kwake huwastaajabisha watu. Tutoe mfano wa nchi ile ile ya Mlima Kenya. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Sir Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari katika Kenya, na usiku ule, wa kuamkia tarehe 21, Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Miaka minne ikapita, na alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi akapigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri, ukingoni mwa msitu. Akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mwenye kupenda mafumbo atasema: tazameni, siku ile ile! Wala si mfano huo peke yake. Mapema katika mwaka ule wa 1952, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari, binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala juu ya mti katika hoteli ya Treetops, si mbali na mji wa Nyeri, naye baba yake, Mfalme George wa Sita, akafa usingizini huko Sandringham. Alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, wala hakujua mpaka alipopewa habari baadaye mchana.

Na pwani yetu ina yake. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba ambao kwao Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Ilipofika tarehe 1 Julai 1895, utawala wa kampuni ya Waingereza ukaondoka Mombasa na serikali yao wenyewe ikashika nchi. Miaka mitano kamili, siku ile ile.

Sasa na tuyapime mambo haya kwa akili, kwani akili ni neema ambayo tutaulizwa jinsi tulivyoitumia. Siku za mwaka hazizidi 365 au 366, na mambo ya wanadamu hayana idadi. Mwenye kumwaga gunia la mtama juu ya ubao wa bao asistaajabu akikuta punje nyingi katika shimo moja. Wenye elimu ya hesabu wamethibitisha kwamba ukiwakusanya watu 23 tu katika chumba kimoja, ni karibu zaidi kuwa wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja kuliko kuwa hakuna. Basi ikiwa watu 23 yawatosha, itakuwaje kwa mambo yote ya mataifa yote? Lililo ajabu lingekuwa kutokutana.

Tena, twasema "siku moja," lakini siku moja kwa hesabu ya nani? Kwa hesabu ya Wazungu siku huanza nusu ya usiku, na kwa hivyo tangazo la Baring na kukamatwa kwa Kimathi yawa katika tarehe mbili mbalimbali. Kwa hesabu yetu usiku hutangulia mchana, na siku huanza jua linapokuchwa. Basi usiku ule aliokamatwa Kenyatta na alfajiri ile aliyokamatwa Kimathi vyote huingia katika tarehe 21. Lakini tukishika hesabu ya juma, ile ya kwanza ilikuwa Jumanne na hii ya pili Jumapili. Na tukishika hesabu ya mwandamo, usiku ule wa mwaka 1952 ulikuwa karibu na kuandama kwa Safar ya mwaka 1372 wa Hijra, na alfajiri ile ya mwaka 1956 ilikuwa katikati ya Mfunguo Sita wa mwaka 1376. Hesabu moja yayakutanisha mambo hayo mawili, na nyingine mbili zayatenganisha. Lau kukutana kule kungekuwa ni siri iliyo ndani ya siku, kusingebadilika kwa kubadili kalenda ukutani. Lakini kwabadilika. Basi si siri ya siku, ni sura ya hesabu yetu.

Nasi Waislamu tumeonyeshwa njia katika jambo hili kwa mfano ulio wazi kabisa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, katika mwaka wa kumi wa Hijra, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Wenye kuhesabu mienendo ya jua na mwezi wamekukuta kupatwa huko tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema kwamba jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Fikiri, ewe msomaji. Hapana siku ambayo neno kama hilo lingekuwa tamu zaidi katika masikio ya baba. Naye angeweza kunyamaza tu, na heshima ikamwongezekea bila ya yeye kusema uwongo. Hakunyamaza. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamrisha kusali. Aliikataa sadfa iliyomtukuza, katika siku ya msiba wake. Na yeye ndiye aliyekanusha ndege mbaya, na miongoni mwa aliyoyakanusha akaitaja Safar. Basi sisi tuliorithi mafunzo hayo, twawezaje kulifunga sanduku la fedha kwa kuogopa Jumatano?

Hapo ndugu mmoja katika darasa akatupinga, na upinzani wake ni wa haki, nasi twauleta hapa ulivyo. Alisema: "Ikiwa siku hazina maana, kwa nini twazishika? Mbona twafunga siku ya Ashura? Mbona Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na ikangoja mpaka tarehe 12 Desemba 1964 ndipo ikawa jamhuri? Mbona Tanganyika ilifanya vivyo hivyo tarehe 9 Desemba, 1961 na 1962? Je, hao wote walikuwa wajinga?"

Twajibu kwamba kuna kukutana kwa namna mbili, na mwenye kuzichanganya hupotea. Namna ya kwanza ni ile ambayo hakuna mwanadamu aliyeikusudia, kama kifo cha mfalme na usiku wa bintiye mtini. Hiyo haina mwenyewe, wala hapana wa kuulizwa maana yake. Namna ya pili ni ile iliyokusudiwa. Wakubwa wa Kenya waliichagua tarehe 12 Desemba kwa mara ya pili ili jambo la pili lifungwe na la kwanza, kama mtu afungaye fundo katika kitambaa ili asisahau alichotumwa sokoni. Fundo halina nguvu ya kununua kitu. Lakini mwenye kulitazama akakumbuka, limemfaa. Na mwenye kulitazama akaliogopa, au akalibusu, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu, huyo hakufahamu fundo ni la nini.

Na Ashura ndiyo hoja kubwa zaidi. Twaifunga siku ya kumi ya Muharram kwa kufuata mwongozo wa Mtume, kwa kukumbuka kuokoka kwa Nabii Musa na watu wake. Na siku hiyo hiyo, katika mwaka wa 61 wa Hijra, Husein mjukuu wa Mtume aliuawa Karbala. Siku moja imebeba wokovu na imebeba dhuluma. Lau siku ingekuwa na tabia yake, ingekuwa ni ya heri au ni ya shari. Haiwi vyote viwili. Basi siku ni chombo, kama jahazi: lililopakia tende mwaka huu laweza kupakia risasi mwaka ujao, na mbao zake ni zile zile. Wa kuulizwa ni aliyepakia.

Sasa na turudi Doldol, kwani mzee wa Doldol hakuzua neno lake. Mwezi wa Agosti 1904, serikali ya Waingereza, chini ya Kamishna Sir Donald Stewart, ilifanya mapatano na viongozi wa Wamasai, mkubwa wao akiwa laiboni Lenana. Wamasai walikubali kuyaacha malisho ya Bonde la Ufa, wakapewa sehemu mbili, moja kusini na moja katika nyanda za Laikipia, na njia ya kuziunganisha. Mapatano yaliandikwa kuwa yatadumu maadamu kabila la Wamasai lingalipo duniani. Hayakutimia miaka saba. Tarehe 4 Aprili 1911, mwezi mmoja tu baada ya kufa Lenana, yakatiwa saini mapatano mengine, yakiwataka watu wa Laikipia wahame waende kusini. Yapata watu 10,000 waliswagwa pamoja na ng'ombe na kondoo wao katika miaka iliyofuata. Walipokwenda mahakamani, wakiongozwa na Ole Gilisho, kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Haikutupwa kwa sababu ahadi ilikuwa imetimizwa. Mahakama ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa jambo la dola na dola, ambalo haikuwa na mamlaka ya kuliamua. Mashamba makubwa ya walowezi yakaenea Laikipia, na Mukogodo, penye Doldol, pakabaki makao ya wafugaji, pamoja na Wayaaku wa msituni, warina asali, ambao lugha yao imekaribia kutoweka.

Ilipofika Agosti 2004, miaka mia ilitimia. Wamasai wengi waliamini kwamba ardhi ile ilikodishwa kwa miaka 99 au mia, na kwamba siku ya kurudishwa imewadia. Wakaandamana Nairobi na Nanyuki, na katika Laikipia wafugaji wakaingiza mifugo yao katika mashamba makubwa. Serikali ikajibu kwamba hati za ardhi ni za miaka 999, wala si 99. Askari wakawatoa kwa nguvu, na mzee mmoja akafa kwa risasi. Baadaye katiba mpya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, iliamuru kwamba asiye raia asimiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Mambo ya hati na sheria twawaachia wenyewe. Sisi twatazama upande mmoja tu, upande wa haki na siku.

Twasema hivi. Kwa hesabu ya mwandamo, miaka mia tangu Agosti 1904 haikutimia 2004. Ilitimia Agosti 2001, na siku hiyo ikapita kimya, hapana aliyeandamana wala aliyetuma askari. Je, haki ya Wamasai ilikuwa imelala 2001 na ikaamka 2004? Haiwezekani. Ikiwa walidhulumiwa, basi walidhulumiwa tangu siku ile ahadi ilipovunjwa, na kila siku iliyofuata ilikuwa ni siku ya kuwarudishia. Na ikiwa hawakudhulumiwa, basi kutimia kwa miaka mia hakuwapi chochote. Mwenye kuitundika haki yake juu ya tarehe amempa mdeni wake zawadi kubwa, kwani mdeni huyo humngojea mpaka tarehe ipite, kisha hushusha pumzi na kusema kwamba jambo limekwisha.

Lakini tusimhukumu mzee kwa pupa, kama alivyofanya ndugu yetu. Kuna kuiogopa siku, na kuna kuikumbuka. Mzee hakusema kwamba Agosti ina jini. Alisema kwamba katika mwezi ule watu wake waliamini neno la mgeni, na neno likavunjika. Hiyo si ramli, hiyo ni kumbukumbu ya mtu aliyeumwa. Nasi wa pwani tusijione tu nje ya jambo hili. Tarehe 14 Desemba 1895 mwambao wetu nao ulikabidhiwa kwa karatasi baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza, na mwaka 1963 ukaagwa kwa karatasi nyingine, na mara zote mbili wenye nyumba za mwambao hawakuwa wao washikao kalamu. Ajuaye uchungu wa karatasi asimcheke mwenziwe aiogopaye.

Na sasa twafika penye uchungu wenyewe. Ndugu yetu alikuwa na hoja sahihi, na mzee alikuwa na hoja dhaifu. Lakini matokeo yalikuwaje? Mwenye hoja sahihi hakulipa, na kwa kutolipa kwake akamthibitishia mzee kwamba Agosti kweli haina heri. Alimfundisha kwa ulimi kwamba siku hazina nuhusi, kisha akamfundisha kwa mkono kwamba zinayo. Na mkono husikiwa kuliko ulimi. Hivi ndivyo nuhusi inavyozaliwa duniani: haishuki kutoka katika nyota, hutengenezwa na watu wasiotimiza, kisha ikatiwa jina la mwezi. Qur'ani imetuamrisha tutimize mapatano, na ikatuonya kwamba ahadi itaulizwa. Haikusema kuwa itaulizwa tarehe. Na wazee wetu wameshasema kwamba ahadi ni deni, na kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hiyo kipimo tunachokitoa kwa wasomaji wetu ni hiki, nacho kwatosha kila nyumba. Ukiikumbuka siku, tazama yakusukuma wapi. Ikikusukuma kulipa, kuomba radhi, kuwaombea waliokufa, kuuliza haki ya aliyedhulumiwa, basi kumbuka na wala usione haya. Ikikusukuma kufunga mlango, kuahirisha, kumkimbia mwenye haki yake, basi jua kwamba si siku inayosema nawe. Ni nafsi yako, imejifunika kanga ya Safar ili isitambulikane.

Ndugu yetu alituuliza afanyeje. Ilikuwa imebakia Jumatano ya mwaka mwingine, na Safar ilikuwa imeshapita. Wako waliomshauri angoje siku njema, amrudie mzee na zawadi. Sisi tukamwambia kwamba siku njema kwa mdeni ni ile aliyo nayo. Akazituma fedha pale pale, mbele yetu, kabla ya kuondoka msikitini. Hatukuitazama tarehe, na tukiulizwa leo ilikuwa ngapi, hapana miongoni mwetu anayeikumbuka.

Mwezi uliofuata alipanda Doldol. Mzee alimpokea kwa chai, akamwuzia mbuzi wengine. Walipofika kwenye siku ya kulipa, mzee akamwambia achague mwezi autakao. Ndugu yetu asema kwamba aliona haya, akalipa zote siku ile ile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao majirani zao hawana haja ya kuogopa mwezi wowote. Wabillahi tawfiq.